Nani wa kumnawisha daktari?

Nimetoka zamu ya usiku asubuhi hii, nimefika nyumbani Makorora nimeoga, nimekunywa chai na mahamri mawili, usingizi hauji. Nikasema ngoja niandike tu maana hili jambo la kunawa mikono wodini limenikaa kifuani siku nyingi, na kila nikitaka kulisema kazini naona watu wamechoka, na mie nimechoka, tunaliacha.

Nianzie mbali kidogo. Nimekulia Ngamiani, nyumba ya babu, nyumba ya watu wengi, na mie ndo nilikuwa kitinda mimba. Wanaotoka Tanga wanajua kitinda mimba kazi yake ni nini wageni wakija. Ikiwa maulidi, ikiwa hitma, ikiwa mtu kaja tu kutoka Pangani na ndizi zake, chakula kikishakaribia kuteremshwa mie naitwa, napewa birika la maji mkono wa kulia, beseni mkono wa kushoto, taulo begani, napita. Naanza na mkubwa kuliko wote. Nachuchumaa mbele yake, shikamoo babu, marahaba mwanangu, ananyoosha mikono, namimina taratibu, anasugua, anafuta, naenda kwa wa pili. Sikumbuki hata siku moja mzee akaniambia wewe mtoto unanionaje mie mchafu. Hata aliyekuwa katoka msikitini dakika tano nyuma, wudhu yake haijakauka, alinyoosha mikono tu. Maana pale kunawa si siri ya mtu, ni ya sinia zima, mikono yote inaingia humo humo.

Sasa mie ni nesi, mwaka wa kumi na moja huu, nimefanya kazi sehemu tatu tofauti humu mkoani (sitaji hata moja, si lengo langu), na karibu miaka yote hiyo wodini sikuwahi kumuona mtu anamnawisha daktari. Wala anamnawisha nesi. Kila mtu na mikono yake, na ukimuuliza mwenzio umenawa, umetafuta ugomvi.

Watu wa nje wanadhani tatizo ni kwamba wahudumu hatujui. Jamani tunajua. Tumefundishwa chuoni, tumetahiniwa, mabango yako ukutani. Mama yangu hakusoma zaidi ya darasa la saba lakini anaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973, watu wanakusanyika kwenye redio wanasikiliza habari za maji na vyoo na malaria, na mambo ya mikono anayajua kuliko mie. Kujua siyo shida, shida ni umbali na aibu. Hayo mawili ndo nataka kuyaongelea, mengine nitayapitia juu juu.

Umbali kwanza. Wodi moja niliyofanya kazi sinki lilikuwa moja, mwisho kabisa karibu na mlango wa choo. Kutoka kitanda cha kona mpaka sinkini nilihesabu hatua 31. Usiku tuko manesi wawili, wagonjwa ishirini na nne. Piga hesabu na mie. Kila mgonjwa umguse mara moja tu, na kila mguso unawe kabla na unawe baada, hizo ni mara 48. Kunawa kwa maji na sabuni kama Shirika la Afya Duniani wanavyosema ni sekunde 40 mpaka 60, tuseme dakika moja, uongeze nusu dakika ya kwenda na kurudi kwa wastani. Dakika 72. Saa nzima na ushee unatembea na kunawa, na hapo umemgusa kila mtu mara moja, hujarudia dripu iliyoziba, hujabadilisha shuka, hujaitwa kitanda cha tisa mtu anatapika. Sasa mtu akikuambia manesi wavivu kunawa mwambie aje ahesabu hatua.

Na hapo maji yanatoka. Yakikatika, tunaokota ndoo yenye kibomba chini, na ndoo hiyo inataka mtu wa kuijaza, na sabuni inataka mtu wa kuikumbuka, na taulo... taulo ndo mbaya zaidi. Taulo moja limening'inia tangu Jumatatu, watu wote wanafutia, umenawa vizuri kabisa halafu unachukua uchafu wa wenzio wote unarudi nao kitandani. Bora ukung'ute mikono ikauke na hewa.

Ngoja niseme langu, maana si haki kuongea kama mie nilikuwa nje ya mambo haya. Miaka ile ya mwanzo, usiku mmoja mbaya, nimetoka kusafisha kidonda cha mguu cha baba mmoja, kidonda kina usaha, nimevaa glavu. Kitanda cha pili yake mama mtu mzima dripu yake imesimama, ananiita mwanangu njoo uniangalie hii kitu inauma. Nikageuka na glavu zile zile nikashika kanula yake, kile kijibomba cha dripu kinachoingia mshipani, nikaisukuma kidogo, dripu ikaenda, akasema Mungu akubariki. Siku tatu baadaye mkono wake umevimba, mwekundu, una joto, pale pale kwenye kanula panatoa usaha. Alipona, alhamdulillah, lakini alikaa wodini wiki moja zaidi, na watoto wake walikuwa wanatoka Muheza kila siku kumletea uji kwa nauli ya kuunga unga. Siwezi kuthibitisha kwamba ni mie. Kanula inaweza kuleta shida kwa sababu nyingi. Lakini mie najua nilichofanya na nimekibeba mpaka leo.

Na ndo maana glavu naziongelea kwa uchungu. Glavu inamdanganya mtu. Ukiivaa unajiona uko safi, kumbe aliye salama ni wewe, mgonjwa anaguswa na glavu iliyotoka kwa mwenzie. Halafu glavu zina vitundu vidogo usivyoviona, na wakati wa kuivua mikono inachafuka, kwa hiyo ukivua unatakiwa unawe au upake dawa ya kuua vijidudu, na kila mgonjwa glavu zake. Kuvaa glavu na kunawa ni kazi mbili.

Mwaka ule baada ya jambo lile nilianza kusoma soma, nikakutana na habari ya Semmelweis. Wengi tulimsikia chuoni kwa mstari mmoja, daktari aliyegundua kunawa mikono, basi. Lakini habari yake ni ndefu na inasikitisha. Alikuwa Mhungaria, kazaliwa 1818, akafanya kazi hospitali kuu ya Vienna, Austria, kwenye miaka ya 1840. Pale kulikuwa na kliniki mbili za wazazi. Ya kwanza walifundishwa madaktari, ya pili walifundishwa wakunga. Wanawake wanapokelewa kwa zamu, leo kliniki hii kesho ile. Na kliniki ya madaktari wazazi walikuwa wanakufa kwa homa ya uzazi kwa wingi kupita ile ya wakunga, tena mji mzima unajua, wanawake wanapiga magoti wanaomba wasipelekwe ya kwanza. Wengine waliona bora kujifungulia njiani, na Semmelweis aliona hata hao wa njiani homa inawapata kidogo kuliko wa kliniki yake.

Akawaza sana, hewa ni ile ile, chakula kile kile. Machi 1847 rafiki yake daktari, Kolletschka, alichomwa na kisu akiwa anapasua maiti, akaumwa akafa, na alipofanyiwa uchunguzi mwili wake ulikuwa na mambo yale yale ya wale wazazi. Hapo ndo akaelewa. Madaktari na wanafunzi walikuwa wanatoka chumba cha maiti asubuhi wanaenda moja kwa moja leba, wakunga hawapasui maiti. Katikati ya Mei mwaka huo akaagiza kila mtu anawe kwa maji yenye chokaa ya klorini kabla ya kumgusa mzazi. Aprili walikuwa wamekufa wazazi 18 na kidogo katika kila 100. Juni ikawa 2 na kidogo. Julai 1 na kidogo. Beseni tu lile! Na hapo habari za vijidudu kuleta magonjwa zilikuwa bado hazijakubalika, mwanasayansi Pasteur na wenzake walikuja baadaye.

Ungetegemea wambebe mabegani. Hawakumbeba. Wakubwa wengi walikasirika, maana kukubali ni kukubali kwamba mikono yao wao, mabwana wakubwa, ndo iliyoua. Mkataba wake Vienna haukuongezwa, akarudi kwao. Na yeye naye alikosea, hili ndo watu hawalisemi, alipokasirika akaanza kuandika barua za wazi anawaita madaktari wenzie wauaji. Alikuwa na haki ya kuumia, lakini sidhani kama kuna mtu aliyewahi kuitwa muuaji akaenda kunawa. Alikufa 1865 kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili, miaka 47 tu, kwa jeraha lililooza.

Nilipomaliza kusoma ile habari nilikaa kimya. Maana niliiona wodi yangu. Aibu ya mkubwa, hasira ya anayejua, na katikati yao mama kalala hajui lolote.

Sasa twende Geneva, Uswisi, maana huko ndo umbali ulipatiwa dawa. Daktari mmoja anaitwa Didier Pittet na wenzake kwenye hospitali za chuo kikuu za huko walianza kuwaangalia watu wakiwa kazini, nani ananawa lini. Mwaka 1994 kati ya nafasi 100 ambazo mtu alitakiwa anawe, walinawa 48. Uswisi hiyo, maji yapo, sabuni ipo, sinki linang'aa! Kwa hiyo tusijione sisi ndo tumelaaniwa. Wakaleta vichupa vya dawa ya kupaka yenye alkoholi, wakaviweka kitandani kwa mgonjwa na mifukoni mwa wahudumu, wakabandika mabango waliyotunga wahudumu wenyewe, uongozi ukasimama nao. Kufika 1997 wakawa 66 kati ya 100, na wagonjwa waliopata maambukizi humo humo hospitalini wakashuka kutoka karibu 17 kati ya 100 mpaka karibu 10 kufika 1998. Na kitu kingine walichokiona, manesi walibadilika vizuri, madaktari wakabaki pale pale. Nikasema ahaa. Umbali umeondoka, aibu imebaki.

Kwenye nchi kama zetu hali ni nzito zaidi. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2022 inasema kati ya wagonjwa 100 wanaolazwa, nchi tajiri 7 wanaondoka na ugonjwa walioupata hospitali, nchi za kipato cha chini na cha kati ni 15. Kumi na tano. Mtu kaja na mguu umevunjika, kaja kujifungua, anaondoka na kitu hakuja nacho. Na vijidudu vya hospitali siku hizi ni sugu, unampa mtoto mchanga dawa ya kwanza haishiki, ya pili haishiki, ya tatu ni ya kwenda kutafuta duka la nje na bei yake baba anabaki anaangalia karatasi tu. Usugu wa dawa tunauongelea kwenye semina kila siku lakini unasafiri na mikono hii hii.

Basi, wakati tupo kwenye Korona mwaka 2020 kila mlango Tanga ulikuwa na ndoo ya maji tiririka, sokoni, dukani, stendi ya Kange, watu wananawa mpaka ngozi inachubuka. Baada ya muda ndoo zikaondoka moja moja, nyingine zikawa za kuhifadhia maji ya kupikia. Wodini kwetu nikamfuata metroni, mkuu wa manesi, nikamwambia mama, tusizirudishe store, na ile sanitaiza tuendelee nayo. Akaniambia mwanangu hela iko wapi. Mfamasia wetu ndo akasema hii kitu tunatengeneza wenyewe, kanuni yake WHO, yaani Shirika la Afya Duniani, wameitoa wazi, si siri ya kiwanda.

Ni hivi, kwa lita 10: ethanoli ya asilimia 96 mililita 8,333, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 mililita 417, gliserini ya asilimia 98 mililita 145, halafu unajazia maji yaliyochemshwa yakapoa mpaka ifike lita 10. Unachanganya, unafunga haraka isiruke hewani, unaiacha saa 72 bila kuigusa. Zile saa 72 zina maana, peroksaidi inaua vimelea vigumu vilivyokuwa kwenye chupa au kwenye maji, haiko pale kwa ajili ya mikono. Gliserini ndo ya ngozi, bila hiyo mikono inapasuka kama ya mvuvi na mtu akishapasuka hapaki tena. Naomba sana usiende kuchanganya hii jikoni kwako, alkoholi kiasi hicho inawaka moto kama petroli, sisi inachanganywa na mtu aliyesomea, chumba cha hewa, hakuna jiko karibu.

Kupaka ni sekunde 20 mpaka 30 na uko pale pale kitandani. Rudi kwenye hesabu yangu ya 48, kwa nusu dakika kila moja ni dakika 24 badala ya 72. Nilipomuonyesha metroni hiyo hesabu kwenye karatasi nyuma ya faili la zamu hakusema neno, alichukua karatasi akaondoka nayo.

Lakini dawa ya kupaka haifuti kila kitu. Mikono ikiwa na damu, usaha, kinyesi, chochote unachokiona kwa macho, ni maji na sabuni, hamna njia ya mkato. Na mgonjwa wa kuharisha vile vile, kuna vimelea vya kuharisha alkoholi inavipita tu, nenda sinkini.

Likazuka jambo ambalo mabango ya Ulaya hayana. Wengi wetu hapa ni Waislamu, na dada mmoja wa zamu yetu, mcha Mungu kweli, alikataa kupaka. Akasema mie siwezi kujipaka pombe mikononi halafu nikasimame kuswali. Hakuwa anatafuta kisingizio, alikuwa anaumia, na watu walianza kumcheka nikawaambia acheni, swali lake la haki. Tukaenda naye kwa shehe wa msikiti wa mtaani kwao tukamueleza mwanzo mwisho, ni kitu gani, kinapakwa wapi, kinakauka baada ya muda gani, kinakinga nini. Akauliza maswali mengi kuliko mfamasia. Mwisho akasema hiki ni dawa, hakinywewi, hakilewishi aliyekipaka, kinalinda nafsi za watu, tumieni, na wakati wa swala si mtatawadha kwa maji kama kawaida. Huko Saudia kwenyewe hospitali zinatumia hii hii, nikamwambia dada baadaye, akacheka, akasema ningejua ningekuuliza wewe kwanza. Sasa hivi ndo anayepaka vizuri kuliko wote, kidole gumba hakisahau.

Kidole gumba! Hii lazima niiseme. Tulifanya jaribio moja dogo wodini, wino wa bluu kidogo, kila mtu anavaa glavu nyeupe, anafumba macho, anamiminiwa wino anaambiwa sugua kama unavyonawa kila siku. Wakafumbua macho. Kiganja bluu tupu, kila mtu. Ncha za vidole nyeupe. Gumba jeupe. Katikati ya vidole michirizi. Na hizo ncha na gumba ndo tunazoshikia sindano, ndo tunazoshikia kitovu cha mtoto. Kulikuwa na daktari mtarajali mmoja, yaani bado yuko mafunzoni, kijana mpole, alisimama anaangalia gumba lake muda mrefu sana. Hakuna semina iliyowahi kufanya kazi kama ule wino wa shilingi kidogo.

Pete pia. Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete na mie napenda pete yangu ya ndoa, lakini chini ya pete uchafu unakaa na sabuni haifiki, siku hizi naingia kazini nimeifunga kwenye leso ndani ya mkoba. Kucha za kubandika ndo kabisa. Najua mwezi wa harusi Tanga ni mtihani, mtu katoka kucheza ngoma Jumapili, Jumatatu yuko zamu na kucha ndefu za rangi, ila kwa watoto wachanga hapana dada yangu, zitoe.

Kuna zile nyakati tano ambazo WHO walizitoa 2009, kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi safi kama kuweka kanula, baada ya kugusa majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka hata kama yeye hujamgusa. Nikae kwenye ule wa kwanza tu. Nilikaa siku kadhaa nawaangalia wenzangu bila kusema, na mie nikijiangalia, na kila mtu BAADA ananawa. Umeshika kitu kibaya unakimbilia maji, mwili wenyewe unakusukuma, unaogopa, una watoto nyumbani. KABLA ndo inaruka. Maana kabla ni kwa ajili ya yule aliyelala, wewe huogopi chochote. Hapo ndo unajua mtu anamfikiria nani.

Sasa aibu. Tufanyeje mtu wa chini amkumbushe mtu wa juu? Tulijaribu kusema kwa mdomo, daktari samahani hujanawa, ikawa kama umemtukana mbele ya watu. Mmoja, daktari bingwa, akaniuliza mbele ya wagonjwa unanifundisha kazi? Nilinyamaza. Usiku ule nikakumbuka birika. Yule mtoto mie niliyekuwa nachuchumaa mbele ya babu sikuwahi kumwambia babu hujanawa. Sikusema kitu chochote. Nilinyoosha birika.

Nikamwambia metroni. Tukakubaliana kwamba kwenye raundi, pale madaktari wanapopita kitanda kwa kitanda, mtu mmoja, yeyote, nesi au mwanafunzi au dada wa usafi, anatembea na chupa, na kabla ya kila kitanda anainyoosha kwa kila aliyepo akianza na mkubwa. Hamna neno, hamna kuuliza umenawa au hujanawa. Siku ya kwanza mikono yangu ilitetemeka kwa kweli. Mkuu wa raundi akaiangalia chupa, akaniangalia mie, watarajali wote kimya nyuma yake. Nikasema shikamoo dokta. Akasema marahaba, akanyoosha mikono. Wote nyuma yake wakanyoosha.

Siyo kwamba mambo yamenyooka. Yule bingwa aliyenikaripia bado anapita chupa kama haioni, na hakuna wa kumgusa. Chupa zinaibiwa, tulifunga kwa waya kwenye vitanda zikakatwa na waya. Kuna wiki ethanoli inakwisha tunarudi kwenye sinki na hatua zetu 31. Na kila tarehe 5 Mei, siku ya usafi wa mikono, utaona fulana na keki na picha, mie sina ugomvi na keki ila ile hela ningenunua vibomba vya kufungulia kwa kiwiko.

Na kuna kundi zima tulilisahau kabisa, ndugu wa wagonjwa. Hapa kwetu nani anamwogesha mgonjwa, nani anamlisha, nani anamwaga chombo cha haja? Mama yake, dada yake, shangazi. Wanagusa kuliko sisi, halafu wanasaidia na kitanda cha jirani kwa sababu ya utu, na hakuna aliyewahi kuwapa hata tone.

Mwezi uliopita alikuwepo bibi mmoja anamuuguza mjukuu wake, wametoka upande wa Pangani. Kila asubuhi ananiona napita na chupa ile. Siku ya tatu akaniuliza mwanangu hicho unawapa hao tu? Nikamwambia bibi, hata wewe, nikammiminia, nikamuonyesha gumba. Akajipaka, akanusa, akasema kali. Kesho yake naingia wodini jioni saa ya kutazama wagonjwa namkuta kakaa mlangoni kwenye kigoda, kajifunga kanga vizuri, chupa mkononi, leso begani. Watu wanaingia na vikapu vyao na chupa za uji, anawaamkia, anawanyooshea, wananyoosha mikono. Kaka mmoja kakimbia kakimbia na simu sikioni akataka kupita, bibi akasema karibu baba, na chupa iko mbele yake, akasimama, simu akaibana kwa bega akapaka.

Waliruhusiwa Alhamisi. Chupa aliniachia mezani, imebaki robo, na kifuniko kakikaza mpaka nikaomba mtu anifungulie.